Wilder Penfield: Tabibu aliyetafuta chanzo cha kifafa kabla ya mashine za picha

Mgonjwa wa kifafa anayetakiwa kupasuliwa kichwa leo katika hospitali kubwa za London au Toronto hapelekwi moja kwa moja chumba cha upasuaji. Kwanza hupitishwa kwenye mashine moja baada ya nyingine. Hulazwa ndani ya mashine ya MRI, ambayo kwa nguvu ya sumaku hupiga picha za ubongo vipande vipande. Hupigwa picha ya PET, inayoonesha ni sehemu gani ya ubongo inatumia sukari kidogo kuliko wenzake. Hufungwa nyaya kichwani na kurekodiwa kwa video usiku na mchana, madaktari wakingoja kifafa kimpande wakione kinaanzia wapi. Kazi yote hiyo ni ya kujibu swali moja tu: moto huu unawakia wapi? Maana kisu hakina pa kwenda mpaka swali hilo lijibiwe.

Kuna mtu aliyekesha na swali hilo karibu maisha yake yote, na wakati wake mashine hizo hazikuwepo. Jina lake Wilder Penfield. Tumeona tumueleze kwa wasomaji wetu, walioko nyumbani na tulio nao huku ughaibuni, kwa sababu katika lugha yetu habari zake ni chache, na kwa sababu ugonjwa alioushughulikia tunaujua sote. Hakuna mtaa kwetu usiokuwa na mtoto wa kifafa. Tumewaona wakianguka njiani na watu wakiruka pembeni wasiguswe na lile povu. Tumewaona waliotengewa kikombe na sahani, walioachishwa skuli, walioangukia jiko la kuni wakaungua mikono. Na tumesikia kila aina ya maelezo: shetani, jicho, laana ya babu.

Penfield alizaliwa tarehe 26 Januari 1891 mjini Spokane, katika jimbo la Washington huko Marekani. Baba yake alikuwa daktari, na babu yake pia. Lakini udaktari wa baba haukwenda vizuri, na Wilder alipokuwa na umri wa miaka 8 mama yake alimchukua pamoja na ndugu zake wakahamia Hudson, Wisconsin, kwa wazazi wa mama. Baba akabaki nyuma. Kuanzia hapo aliyemlea na kumpangia mambo ni mama, na mama huyu alikuwa mwanamke wa azma. Mtoto alipofika miaka 13, mama alisikia habari za nafasi za masomo za Rhodes zinazowapeleka vijana kusoma Oxford, Uingereza, na akamwambia hiyo ndiyo itakuwa shabaha yake. Nafasi hizo hazitolewi kwa anayejua vitabu tu, zinamtaka na mwanamichezo. Basi Wilder akajitia kwenye mpira wa Kimarekani, mpaka akawa anauchezea Chuo Kikuu cha Princeton, alikomaliza mwaka 1913. Oxford akaipata.

Oxford ndiko alikokutana na Charles Sherrington, mwanasayansi aliyekuwa akichunguza mishipa ya fahamu ya wanyama kwa kuigusa kwa umeme na kuangalia kiungo gani kinaitika. Kijana wa Kimarekani aliyaona hayo na hakuyasahau. Lakini vita vikuu vya kwanza vilikuwa vimepamba moto. Tarehe 24 Machi 1916 alipanda meli ya Sussex kuvuka mkondo wa bahari kwenda Ufaransa, kuhudumu katika hospitali ya Msalaba Mwekundu. Nyambizi ya Kijerumani ikaipiga meli ile kwa kombora la majini. Watu wengi walikufa. Penfield alirushwa juu, akavunjika mguu, akaponea chupuchupu. Alikwenda kuuguzwa nyumbani kwa Sir William Osler, tabibu mashuhuri wa zama zile. Mwaka uliofuata akamuoa Helen Kermott, na mwaka 1918 akamaliza udaktari wake katika chuo cha Johns Hopkins.

Miaka kumi iliyofuata tutaipita mbio. Alifanya kazi New York. Mwaka 1924 alikwenda Madrid, Hispania, kwa Pío del Río-Hortega, kujifunza namna ya kuzitia rangi seli za ubongo kwa madini ya fedha ili zionekane kwenye hadubini, kwani alitaka kujua kovu la ubongo ni kitu gani hasa na kwa nini huleta kifafa. Kisha mwaka 1928 akaenda Breslau, mji uliokuwa wa Ujerumani wakati huo na ambao leo ni Wrocław ya Poland. Huko alikuwepo Otfrid Foerster, daktari aliyekuwa na wagonjwa wengi waliopata majeraha ya kichwa vitani na baadaye wakashikwa na kifafa. Foerster aliwapasua wakiwa macho, kwa sindano ya ganzi tu, akiugusa ubongo kwa umeme na kuwauliza wanahisi nini, kisha akiondoa kovu. Penfield alikipata alichokuwa akikitafuta. Mwaka huohuo alihamia Montreal, Canada, kwenye Hospitali ya Royal Victoria na Chuo Kikuu cha McGill, pamoja na mwenzake William Cone.

Hakuwa amekaa Montreal hata miezi mitatu alipoletewa dada yake.

Ruth, dada yake wa tumbo moja, alikuwa akishikwa na kifafa tangu usichana wake. Sasa alikuwa mama wa watoto, kichwa kikimuuma na macho yakianza kupoteza nuru. Ndugu yake alipomtazama ndani ya macho kwa chombo chake alielewa: kulikuwa na kitu kinakua ndani ya fuvu na kinausukuma ubongo. Katika desturi za udaktari mtu hampasui ndugu yake, na sababu zake zinajulikana. Lakini nani mwingine alikuwepo katika mji ule aliyeijua kazi hiyo kumshinda yeye na Cone? Mwezi Desemba 1928 alimpasua kwa mikono yake mwenyewe, Ruth akiwa macho anazungumza. Alikuta uvimbe mkubwa upande wa kulia, nyuma ya paji la uso. Akakata, akaendelea kukata, damu ikimtoka mgonjwa kwa wingi, mpaka alipoondoa karibu sehemu yote ya mbele ya upande ule. Na bado hakuumaliza. Mizizi ya uvimbe ilivuka kwenda upande wa pili, na kuifuata huko kulikuwa ni kumuua.

Ruth aliamka, akarudi kwa mumewe na watoto wake, akacheka na watu kama kawaida. Mtu wa nje asingejua. Lakini siku moja, zaidi ya mwaka baadaye, kaka yake alikwenda kula kwake. Dada alitaka kumpikia mgeni wake mmoja na watu wanne wa nyumbani, kazi aliyoifanya maisha yake yote. Vyakula vyote vilikuwepo jikoni, na kila chakula peke yake alijua kukipika. Kilichomshinda ni kupanga: kipi kitangulie, kipi kifuate, vyote viive kwa wakati mmoja. Alikaa jikoni amechanganyikiwa mpaka kaka akamsaidia hatua kwa hatua. Kila mpishi wa kwetu, aliyewahi kuangalia wali usishike moto huku nazi inangoja kukunwa na samaki yuko mafutani, anajua ni akili ya namna gani hiyo. Penfield aliyaandika aliyoyaona, na mwaka 1935 yakachapishwa katika jarida la kitabibu. Yamebaki kuwa moja ya maelezo ya mwanzo yaliyo wazi kuhusu kazi ya sehemu ya mbele ya ubongo. Uvimbe ulirudi, Harvey Cushing wa Boston akampasua tena, na mwaka 1931 Ruth akafariki.

Tunaamini, na wengi walioandika habari zake wanaelekea huko, kwamba msiba ule ndio uliomsukuma. Alitaka pahala pamoja ambapo daktari wa mishipa ya fahamu, mpasuaji, mtu wa hadubini na mtu wa picha watakaa chini ya paa moja. Taasisi ya Rockefeller ilikuwa imeshawahi kumkatalia. Safari hii ilikubali, ikatoa zaidi ya dola milioni 1.2, fedha nyingi sana katika miaka ile ya dhiki ya uchumi duniani. Taasisi ya Neva ya Montreal ilifunguliwa Septemba 1934, na yeye akawa mkurugenzi wake mpaka 1960. Mwaka huohuo wa 1934 alichukua uraia wa nchi iliyompokea.

Sasa tueleze alivyokuwa akikitafuta chanzo cha kifafa. Kwanza alimsikiliza mgonjwa. Kifafa kingi kina dalili yake kabla hakijampanda mtu: mmoja husikia harufu ambayo wengine hawaisikii, mwingine kidole gumba humcheza, mwingine hupandwa na hofu kutoka tumboni. Dalili hiyo ni kama moshi wa kwanza, inaonesha moto umeanzia nyumba gani. Kisha alimpiga picha. Na picha ya zama zile ilikuwa ni adhabu. Eksirei ya kawaida huonesha mfupa, ubongo haionyeshi. Walter Dandy wa Baltimore alikuwa amegundua, mwaka 1918 na 1919, kwamba ukiyatoa baadhi ya maji yanayouzunguka ubongo na kuweka hewa mahala pake, ile mianya iliyomo ndani ya ubongo huonekana kwenye eksirei kama kivuli. Basi mgonjwa alichomwa sindano uti wa mgongo, akavutwa maji, akatiwa hewa, akageuzwa huku na huku ili hewa ipande. Walitapika, walishikwa na kichwa cha kupasuka kwa siku kadhaa. Na baada ya yote hayo daktari hakuuona ubongo wenyewe. Aliona umbo la mwanya tu, na kama mwanya wa upande mmoja umepanuka kuliko wa pili alikisia kwamba ubongo wa upande ule umesinyaa.

Mwaka 1938 alijiunga naye Herbert Jasper, aliyeleta mashine ya kurekodi umeme wa ubongo kwa nyaya zilizobandikwa kichwani, ambayo Hans Berger wa Ujerumani alikuwa ameitangaza mwaka 1929. Hapo mambo yakawa mepesi kidogo, kwani pale penye chanzo mchoro hutoa ncha kali hata mgonjwa akiwa ametulia.

Lakini hakimu wa mwisho alikuwa umeme mikononi mwa Penfield. Ubongo wenyewe hauna maumivu ukiguswa, ngozi na utando ndivyo vyenye maumivu, na hivyo hutiwa ganzi. Mgonjwa alilala macho, fuvu limefunguliwa, na daktari akigusa pointi moja baada ya nyingine kwa umeme mdogo. Akigusa hapa, kidole kinacheza. Akigusa pale, ulimi unakufa ganzi. Akigusa pengine, mgonjwa aliyekuwa akitaja majina ya picha anazooneshwa anakwama, anajua kitu ni nini lakini neno halitoki, na hapo daktari anajua kwamba pale hapaguswi kwa kisu. Kila pointi iliwekewa kikaratasi chenye namba juu ya ubongo, na picha ikapigwa. Aliyokuwa akiitafuta zaidi ni ile pointi ambayo ikiguswa tu mgonjwa husema kifafa chake kinakuja. Kazi ya saa nyingi. Kutokana na vikaratasi hivyo ndipo ilipotoka, mwaka 1937, ile ramani inayoonesha mwili wa binadamu ulivyopangwa juu ya ubongo, midomo na vidole vikichukua eneo kubwa kuliko mgongo na mapaja. Kila mwanafunzi wa udaktari duniani huisoma.

Baadhi ya wagonjwa, walipoguswa sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya panja, walisikia muziki au wakaona mambo yaliyopita. Penfield aliamini kwamba ubongo unaweka kila kitu kama ukanda wa kurekodia. Hapa tunasema wazi kwamba alivuka mpaka. Hesabu yake mwenyewe ya mwaka 1963 ilionesha kwamba kati ya wagonjwa 520 waliochunguzwa sehemu hiyo ni 40 tu waliopata hali hiyo, na watafiti waliokuja baadaye wameona kwamba mengi ya waliyoyaona yanafanana zaidi na ndoto kuliko kumbukumbu halisi. Magazeti yaliipenda hadithi ile, na mpaka leo inasimuliwa kana kwamba imethibitishwa.

Sehemu ya panjani ndiko pia kulikomtokea jambo zito kuliko yote. Kifafa cha watu wazima wengi huanzia huko, hasa kwenye kijisehemu cha ndani kinachoitwa hipokampasi. Kuanzia miaka ya 1940 mwishoni alianza kukiondoa, upande mmoja tu, na wengi walipona bila hasara kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wagonjwa wawili, mmoja wao mhandisi, waliamka wakiwa hawawezi kushika jambo jipya. Akili yao ilikuwa ileile, hesabu wanazijua, lakini aliyetoka chumbani dakika tano zilizopita walikuwa wameshamsahau. Brenda Milner, mwanasaikolojia kijana mzaliwa wa Manchester aliyekuwa akiwapima wagonjwa wake, alitoa dhana pamoja naye: lazima upande wa pili, ule ambao haukuguswa, ulikuwa umeharibika zamani. Penfield alipokata upande mmoja alikuwa ameondoa uliokuwa mzima.

Walilitangaza hadharani mwaka 1955. Daktari William Scoville wa Hartford aliisoma habari hiyo, akamkumbuka kijana wake Henry Molaison, ambaye mwaka 1953 alimkata pande zote mbili kwa makusudi, na akawaita waje wamuone. Kutokana na kijana huyo, aliyefariki mwaka 2008, dunia ilijifunza sehemu kubwa ya inachokijua kuhusu kumbukumbu.

Yule mhandisi wa Montreal alifariki mwaka 1964 kwa ugonjwa mwingine. Ubongo wake ulichunguzwa, na hipokampasi ya upande wa kulia ambayo kisu hakikuigusa ilikutwa imesinyaa, uharibifu wa miaka mingi kabla ya upasuaji. Penfield na mwenzake waliichapisha ripoti hiyo mwaka 1974, yeye akiwa na miaka 83. Angeweza kuiacha kabatini.

Hapo ndipo msomaji ataona faida ya mashine tulizozitaja mwanzo. Mwaka 1971 mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya CT katika hospitali ya Atkinson Morley huko Wimbledon, kwa mashine ya mhandisi Godfrey Hounsfield. Penfield aliwahi kuliona hilo. MRI, iliyoingia hospitalini miaka ya 1980, hakuiona. Kwenye picha ya MRI hipokampasi iliyosinyaa huonekana ndogo, na kwa aina fulani ya picha hung'aa kuliko mwenzake, na pande zote mbili hulinganishwa mgonjwa akiwa amelala tu, bila sindano wala hewa. Aina nyingine ya MRI huonesha damu inakimbilia wapi mtu anapotafuta maneno, na hivyo daktari hujua lugha inakaa upande gani. Wapo wanaochomwa dawa yenye mnururisho dakika ileile kifafa kinapoanza, ili picha ya baadaye ioneshe damu ilikokuwa imejaa. Hata hivyo picha haitoshi peke yake. Kovu linaloonekana huenda lisiwe ndilo linalowasha moto, na kwa wengine MRI haioneshi chochote. Hao hutiwa nyaya nyembamba ndani ya ubongo wenyewe, na madaktari wanarudi kwenye umeme, alikokuwa Penfield.

Kuhusu faida ya upasuaji, utafiti uliochapishwa mwaka 2001 kutoka London ya Canada, jimbo la Ontario, uliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 80 wa kifafa cha panjani ambao dawa ziliwashinda. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 58 ya waliopangiwa kupasuliwa hawakuwa na kifafa cha kupoteza fahamu, na waliobaki na dawa ni asilimia 8 tu.

Na kwetu? Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 50 wana kifafa, karibu asilimia 80 yao katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sahihi. Dawa hizo si za gharama kubwa. Huko Mahenge, Tanzania, daktari Louise Jilek-Aall, Mnorwei aliyehamia Canada baadaye, alianza kuwatibu Wapogoro wenye kifafa karibu mwaka 1960, na walipopata vidonge walirudi shambani na kwenye ndoa zao. Upasuaji wa kifafa cha panjani nao umeshafanywa Mbale, Uganda, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2009. Kwa hiyo anayesema mambo haya ni ya Wazungu tu hana habari. Lakini mzazi wa kijijini hawezi kufikiria MRI wakati vidonge vyenyewe vinakatika kila miezi miwili, na mtoto anayekatishwa dawa ghafla huanguka vibaya kuliko mwanzo. Hili serikali zetu zinalijua.

Penfield alipostaafu mwaka 1960 aligeukia uandishi. Aliandika riwaya juu ya Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, na mwaka 1975 akatoa kitabu juu ya akili, akieleza kwamba baada ya kuugusa ubongo miaka yote ile bado hakuona kwamba umeme peke yake unamueleza mwanadamu. Wanasayansi wengi hawakukubaliana naye. Alifariki Montreal tarehe 5 Aprili 1976 kwa saratani, na majivu yake yakazikwa kwenye shamba lake kando ya ziwa Memphremagog.

Wiki chache kabla ya kufa alikuwa amemaliza kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1977. Alikiandika kwa kutegemea barua. Tangu alipoondoka nyumbani kwenda Princeton mwaka 1909 alimwandikia mama yake kila wiki, kutoka Oxford, Madrid, Breslau na Montreal, mpaka mama alipofariki mwaka 1935, na mama alikuwa amezihifadhi zote. Habari za Ruth zimo humo kwa urefu. Kitabu kinakomea mwaka 1934, Taasisi inapofunguliwa. Ya yule mhandisi na mwenzake yamebaki kwenye majarida ya madaktari.